Mama Almerina

Msimu wa kahawa wa mwaka 1967, wanawake wa boma la bibi kizee, Cucu Ngendo, kule Mukurweini walikuwa wameketi juu ya magunia, wakitenga matunda mekundu na mabichi kabla ya kuyapeleka kiwandani. Jua lilikuwa zuri, watoto wanacheza, na Warigia alikuwa amenuna kama kawaida yake.

Alikuwa na sababu, au aliona anayo. Yeye na Wachuka walikuwa wameolewa na ndugu wawili, wana wa Cucu Ngendo. Kwa desturi, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo wote wawili waliwaita mabinti zao Ngendo. Ukiita Ngendo katika boma lile, walikuja watoto wawili mbio, na bibi kizee akauliza ndani kuna nini. Ndipo watu wakaamua kutumia majina ya kanisani. Wa Warigia alikuwa Mary. Wa Wachuka alikuwa Almerina.

Kina Mary walijaa kanisani kuanzia benchi la mbele hadi mlangoni. Almerina alikuwa mmoja tu, na jina hilo hakuna aliyewahi kulisikia kabla yake.

Selpha, mke wa mwalimu Masinde, alikuwa amehamia karibuni kutoka magharibi. Siku hiyo alikuja kuchukua maziwa akasimama kuwasalimia.

"Mama Almerina," alimwambia Wachuka, "jina tamu hivi ulitoa wapi?"

"Niliomba," Wachuka akasema, akaendelea kutenga kahawa.

"Na huyu ni mama nani?"

"Mama Mary," Warigia akajibu mwenyewe.

"Aa," Selpha akasema, akabeba maziwa yake akaenda.

Ile "aa" ilimkaa Warigia kooni wiki nzima. Na haikuwa peke yake. Cucu Ngendo alikuwa akimwekea Almerina viazi vitamu vilivyoiva vizuri, eti mtoto ana jina la kuimbwa. Hata miimo ya mlango ilimsaliti Warigia. Kila Krismasi aliwasimamisha watoto wote wawili kwenye mwimo wa mlango wake, akakata alama kwa kisu juu ya vichwa vyao. Alama ya Almerina ilikuwa juu ya ile ya Mary kila mara. Mtoto yule hakuwahi hata kukohoa.

Wivu ukimkaa mtu vizuri humpa akili. Warigia aliona hawezi kumnyang'anya Wachuka jina lile, lakini anaweza kuligawa. Atalitawanya mpaka liwe kama Mary, mpaka likiitwa asigeuke mtu.

Akaanza. Kila mwanamke mwenye mimba aliyekutana naye mtoni, kanisani, au sokoni Kagio alikopeleka ndizi, alimnong'onezea. "Ukipata msichana, mwite Almerina. Hiyo jina iko na bahati. Yule wa kwetu surua ilipita akiwa anacheza tu." Na kwa kuwa surua ilikuwa imezika watoto wengi, akina mama walisikiliza. Miaka mitatu haikupita, kila kilima kilikuwa na Almerina wake. Padre alipouliza ni mtakatifu gani huyu, walimwambia ni wa Mukurweini.

Warigia alifurahi sana. Naye alikuwa na mimba.

Wachuka alikuja kwake alasiri moja ya mvua. Alifunga mlango, akaketi karibu na moto, akasema kwa sauti ya chini.

"Mama Mary, hiyo jina usimpe mtoto wako."

"Kwani umeinunua?"

"Iko na mwenyewe."

Kisha akasimulia. Zamani, yeye na mumewe walifanya kazi kwa mzungu mmoja Naro Moru. Alizaa watoto wawili pale na wote wakafa wakiwa wachanga. Chini ya mti mmoja wa shamba lile palikuwa na kaburi dogo lenye jiwe lililochongwa Almerina, la binti wa yule mzungu aliyekufa akiwa na miaka minne. Uhuru ulipokaribia, mzungu aliuza shamba akarudi kwao. Mtoto akabaki peke yake kwenye baridi ya mlima. Wachuka, akiwa na mimba ya tatu, alienda kupiga magoti pale.

"Nikamwambia, nipe jina lako, umwangalie mtoto wangu asife. Mimi nitakuwa mama yako. Kila jioni nikiita wangu, na wewe utaingia. Nitakuwekea maziwa." Wachuka alitazama moto. "Na amekuwa akiingia. Lakini sasa anaitwa kila mahali. Hajui tena kwao ni wapi."

Warigia alicheka kwa pua. Jina la baba na la mama lina mwenyewe, hilo kila mtu wa Nyeri anajua. Huwezi kumpa mtoto jina hilo bila kumheshimu mwenye jina. Lakini jina la kanisani ni maji ya padre tu, nani amewahi kumuuliza mwenyewe? "Sema unataka iwe yako pekee yako," alimwambia.

Mtoto alizaliwa msichana. Kwa desturi akapewa jina la mama mzazi wa Warigia, Wamucii. Kanisani akabatizwa Almerina.

Mwezi ule ukungu ulishuka mapema kila siku. Jioni, akina mama walisimama milangoni wakiita watoto, na jina lilikuwa moja kutoka kilima hadi kilima. Watoto walirudi. Lakini hata baada ya wote kuingia, kulikuwa na sauti iliyoendelea kuitika kati ya mikahawa.

"Ndiyo, maitu."

Ilitamka neno hilo, ambalo kwa Kikuyu ni mama, kama mtu aliyejifunza jana. Mwanzoni wanawake walichekeana. Kisha Gathoni wa ng'ambo ya mto akakuta sahani moja zaidi imelambwa. Mwingine alihesabu miguu chini ya blanketi la wanawe akaacha kuhesabu. Hakuna aliyetangaza lolote. Waliwageuza tu kina Almerina wao kuwa kina Agnes na kina Jane, mmoja baada ya mwingine, na Jumapili hawakutazamana usoni.

Wachuka naye aliacha. Binti yake akawa Ngendo tu.

Warigia pia aliacha. Alimwita mtoto wake Wamucii, akameza aibu. Lakini mtoto akaanza kupoa. Hakuwa na homa wala kikohozi. Alikuwa baridi tu, mikono, kisha miguu, kisha tumbo. Titi hakutaka. Alilala akitazama mlango, chini kabisa, pale ambapo kichwa cha mtoto wa miaka minne kingefika. Wakati mwingine alitabasamu.

Siku alipoona midomo ya mtoto imekuwa ya buluu, Warigia alimfunga mgongoni akakimbia kwa Wachuka.

"Mrudishe kwako," alisema. "Nimekosea. Nilikuonea wivu, nakubali. Mrudishe."

Wachuka alimgusa mtoto shavu, akatoa mkono haraka.

"Nimemwita juzi na jana. Hakuja. Mimi nilimwahidi mama mmoja, wewe ukampa mia, na wote wamenyamaza." Alinong'ona sasa. "Mtoto wako ndiye wa mwisho kubatizwa hiyo jina, imebaki kwake peke yake. Akikosa mama, atachukua wa kucheza naye."

"Nifanye nini?"

"Unajua."

Ukungu ulikuwa umefika mlangoni Warigia aliporudi nyumbani. Mary alikuwa kwa Cucu, mume hajarudi. Alimweka mtoto kitandani. Hakulia. Hakutikisika. Warigia alimimina maziwa kwenye kikombe, akakiweka karibu na moto. Akafungua mlango.

Aliogopa. Alitazama mikahawa na haikuonekana.

"Almerina," aliita.

Aliegemea mwimo, akaita tena.

"Almerina. Njoo nyumbani."

Majani yakachakarika. Mbali kidogo. Halafu karibu.

"Ndiyo, maitu."

Hakuona mtu. Baridi ilimpita kiunoni, ikaingia ndani. Alipogeuka kuifuata, nyuma yake mlango ulijifunga polepole, kama umefungwa na mtoto aliyefundishwa adabu.

Na kitandani Wamucii akalia kwa njaa. Warigia alimchukua. Alikuwa na joto. Alimnyonyesha, mgongo kwa moto, na hakugeuka kutazama kikombe.

Asubuhi Selpha alipita kwenda sokoni. Alikuwa ameisikia sauti ya Warigia jioni, kama kila mtu kilimani.

"Umeamkaje, Mama Almerina?" alimsalimia.

Warigia alikuwa ametamani kuitwa hivyo kwa miaka. Akarudi ndani, akafunga mlango.

Lakini jina lilimganda. Kila jioni aliita, mvua au jua, hata akiwa mgonjwa, hata Wamucii alipokuwa mkubwa na kumwona mama yake amechanganyikiwa. Hakulala kwa mtu hata usiku mmoja. Harusi ya Mary hakwenda, kwa kuwa ilikuwa mbali na asingewahi kurudi kabla ya giza. Alipofariki, Wachuka ndiye aliyefunga macho yake. Wachuka alilia kuliko ndugu wote, na hakuna aliyeelewa.

Baada ya mazishi, Wamucii alikuja kutoka Kagio alikoolewa, wabomoe nyumba ile ya mbao. Kwenye mwimo wa mlango aliona alama za utoto wao zikipanda Krismasi baada ya Krismasi, za Mary na Ngendo upande mmoja, zake upande mwingine.

Katikati palikuwa na alama moja peke yake, chini, kimo cha mtoto wa miaka minne. Ilikuwa imekatwa mahali pale pale mwaka baada ya mwaka mpaka ikawa shimo la kuingia kidole. Wamucii aliingiza chake. Mbao ilikuwa na baridi, ingawa jua lilikuwa limeipiga tangu asubuhi, na kidole kilitoka kimezingirwa na unywele mmoja mrefu, laini, wa rangi ya nyasi kavu.