Prosesa Isiyopata Joto

Mwezi wa Juni, kwa joto la jiji la Multan, hata mbwa hulala mfereji­ni. Lakini prosesa, ubongo wa kompyuta ya Ghazanfar, ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Ghazanfar alihariri video za harusi chumbani kwake, kwenye meza iliyokuwa kando ya kitanda. Ili kazi iende upesi, aliipandisha prosesa kasi kuliko alivyoruhusu mtengenezaji. Mafundi wote wa soko la kompyuta hufanya hivyo, kisha huhangaika kuipoza. Yeye hakuhangaika. Alipandisha kasi, joto likashuka. Akapandisha tena; feni ikasimama kabisa, na kutoka ndani ya kasha ikaja harufu ya nywele zilizoungua.

"Inakimbia hivyo na haichemki," alisema Tehmina, mkewe, mfarishi wa pamba umemfika kidevuni. "Huoni ajabu, bwana?"

"Ajabu ni wewe. Nje watu wanaiva, wewe umejifunika mfarishi."

"Naganda. Na kila ukiiongezea kasi, nazidi."

Ghazanfar alicheka, mpaka midomo ya mkewe ilipogeuka zambarau. Zahanati ya serikali ilimpa dawa ya mafua ya kipupwe, kwa kuwa ndiyo iliyobaki stoo. Ndipo alipoitwa Sain Wasaya, mtoa majini. Aligusa kasha, akauondoa mkono haraka.

"Jini hula moto," alinong'ona. "Huyu amemaliza wa mashine, sasa anamla mkeo."

"Tufanyeje, Sain?"

"Washa jiko la gesi, kisha rudisha kasi ya zamani. Atakimbilia mwali. Ila mwali usizimike. Akiukosa, ataingia kwenye joto lolote lililo karibu."

Ghazanfar alitazama ratiba ya mgao ya idara ya gesi, yenye mihuri miwili, iliyoapa kwamba mchana ule gesi ipo. Multan nzima hutumia karatasi ya ratiba hiyo kufungia bajia. Yeye, kwa hofu, akaiamini.

Akawasha jiko, akaketi mezani akishusha kasi, na kadiri alivyoshusha ndivyo feni iliyokuwa imekufa ilivyoanza kujikwaruza, kisha kuguna, kisha kulia kama mtu anayeburutwa, harufu ya nywele ikajaa hadi machozi yakawatoka, sauti ya Sain aliyekuwa akisoma dua ikazidi kupanda, na kule jikoni mwali ukainama kuelekea chumbani ingawa hapakuwa na upepo, ukarefuka, ukarefuka, halafu ukafanya puu, ukazimika.

Idara ilikuwa imekata gesi.

Kisha Tehmina akautupa mfarishi, jasho likimtiririka shingoni.

"Joto gani hili," akalalamika.

Ghazanfar hakuwahi kusikia lalamiko tamu kama hilo. Akamshika shavu.

Tehmina akajivuta hadi ukutani. "Toa mkono," alisema polepole. "Ni barafu."

Ghazanfar akamgeukia Sain kutaka neno. Sain alikuwa mlangoni, akitafuta viatu vyake.