Biskuti Zisizo na Kibali

Kila siku baada ya masomo, Kasuku alipitia kiwandani kumsubiri mama yake. Jina hilo alibandikwa darasani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake alikuwa mkuu wa idara ya vibali katika kampuni iliyosaga mbegu za mmea unaostahimili ukame, ili unga wake utumike kuokea badala ya mayai. Hakuna kilichotoka pale kwenda kuuzwa kabla ya yeye kuhakikisha kimepimwa na kuruhusiwa na mamlaka ya chakula. Wafanyakazi walimwita Mama Subiri, na si wote waliotania.

"Tutasubiri mpaka lini?" mkurugenzi alifoka siku moja mbele ya Kasuku. "Unga ni safi, hauharibu ardhi, na wanunuzi wapo!"

"Mpaka tujue unawafanya nini watu wenye mzio, wale ambao miili yao hukataa vyakula fulani," mama alijibu.

Wakatoka wakibishana, na kabati la sampuli likabaki wazi. Ndani mlikuwa na biskuti zilizookwa kwa unga ule. Kasuku alijua fika kwamba haziguswi. Lakini njaa ilikuwa inamkwangua tumbo, na biskuti zilinukia. Akachota konzi moja, akala kidogo, nyingine akazitumbukiza mkobani.

Kesho yake mapumzikoni alimgawia rafiki yake Twiga, msichana mwenye shingo ndefu aliyesumbuliwa na pumu.

"Hazina karanga?" Twiga aliuliza. "Unajua karanga zinanidhuru."

"Hata chembe. Kula bwana, acha maringo!"

Twiga akala. Kabla kengele haijalia, alianza kukohoa na kujikuna shingo, kifua kikipiga filimbi. Mwalimu alimbeba mbiombio hadi zahanati ya jirani, Kasuku akiwafuata nyuma.

"Ni pumu yake hii," mwalimu alimwambia daktari.

Twiga akapewa dawa ya kuvuta. Haikufua dafu. Uso ukaanza kuvimba.

Daktari akageuka. "Amekula nini huyu?"

Kasuku alirudi nyuma hatua moja. Akisema, mama atafukuzwa kazi. "Hajala kitu," akanong'ona.

Twiga hakuweza kusema neno. Alimkodolea macho tu, huku akiitafuta pumzi bila kuipata.

"Biskuti!" Kasuku akalipuka kwa kilio. "Nimempa mimi! Nimezichukua kazini kwa mama. Zina unga wa mbegu, bado haujaruhusiwa."

Alipoitaja mbegu yenyewe, daktari hakungoja zaidi. "Hiyo ni jamii moja na karanga!" Akamchoma Twiga sindano pajani. Polepole, pumzi ikarudi.

Mama alifika akihema. Hakumkaripia Kasuku, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Simu yake ikaita; alikuwa mkurugenzi, aliyekwisha kusikia.

"Mtoto si amepona? Ya nini kujitangaza?"

"Kabati nililiacha wazi mimi," mama alijibu. "Naiarifu mamlaka leo hii."

Kiwanda kikafungwa kupisha uchunguzi. Vibarua wakakaa nyumbani bila ujira, na mtaani baadhi ya watu wakaacha kuitikia salamu za mama. Mwishowe kibali kilitoka, kwa sharti kwamba kila pakiti iwe na onyo kwa wanaodhuriwa na karanga. Mama alibaki kazini, ila kwa karipio kali. Twiga alirudi shuleni mzima, lakini mzazi wake aliomba ahamishiwe dawati jingine.

"Ningenyamaza, usingepata taabu hii," Kasuku alisema jioni moja, machozi yakimlengalenga.

"Ungenyamaza, tungekuwa tumemzika Twiga," mama alijibu. "Kuiba ni kosa, mwanangu. Lakini kosa kubwa zaidi ni kumhakikishia mwenzako jambo usilolijua. Anayekuuliza kama chakula ni salama anakukabidhi uhai wake. Kama hujui, sema hujui, hata kama watu watakununia."

Kasuku akajifuta macho. "Twiga atakuwa rafiki yangu tena?"

Mama aliinuka.

"Hilo sijui," akasema. "Vaa viatu, twende ukamwombe radhi."