Maji Aliyoyameza Mbaruku

Maji ya mtungi yalikuwa ya moto. Swaumu alichomoa mkono upesi. Mtungi ulikaa kivulini, asubuhi ya baridi, na maji yaliunguza kama ya kusongea ugali.

Mumewe, Mbaruku, alikuwa anatabasamu. Huyo ndiye aliyesifiwa kijiji kizima cha Kwamsisi kwa upole. Upole gani! Jana yake, kwenye shamba la pamba la Mdachi, jumbe Kibwana alimwita mbwa, akampiga teke mbele ya mkewe mjamzito. Mbaruku akajipangusa vumbi, akasema, "Hamna neno, mzee." Kuna watu hawajui tofauti ya mpole na gunia la pumba.

Ukoo wao ulikuwa na dawa ya hasira. Unajaza maji mdomoni, unayashika mpaka pumzi itulie, unayatema chini, kisha unamwambia aliyekukosea kosa lake. Kumpiga ni mwiko, kumnyamazia ni mwiko vilevile. Mbaruku kila siku alijaza vizuri, akatulia vizuri, halafu akayameza. Eti kutema ni kukosa adabu.

Siku ya tatu tangu teke lile nyumba ilinuka manyoya yaliyoungua, na kuku hakuchinjwa. Siku ya nne, jua la utosi, Swaumu alisikia jiwe la kusagia likisaga, akatoka kwenda uani akalikuta limetulia, akarudi ndani akiifuata sauti ile mpaka mkekani alipoketi mumewe, akaisikia inatoka tumboni mwake, na mikono ya Mbaruku, bila yeye kuitazama, ilikuwa inauinua mchi kuelekea mimba ya mkewe huku machozi yakimtiririka.

"Si mimi, Swaumu," alinong'ona. "Kimbia."

Alikimbia mpaka kwa Bibi Tatu, mganga wa kijiji cha pili, akarudi naye.

"Jini lililo tumboni mwako halina kosa," alisema bibi, akimtazama Mbaruku kama mboga iliyochacha. "Unalilisha hasira kila siku, lihame liende wapi? Nenda kwa Kibwana. Tema, useme. Ukimeza tena, mimi sina dawa."

Wakaenda, Swaumu amebeba kata ya maji. Mbaruku alijaza mdomo, akasimama mbele ya jumbe, mashavu yamevimba.

"Unataka nini?" aliuliza Kibwana.

Koo la Mbaruku likapanda, likashuka.

"Hamna neno, mzee. Nimekuja kukusalimu tu."

Swaumu akaichukua kata. Akajaza mdomo. Aliyashika maji mdomoni mpaka pumzi ikatulia, akayatema miguuni pa mumewe.

"Mbaruku, umeogopa aibu kuliko kuniua mimi na mwanangu. Nimekasirika. Naenda kwetu, na usinifuate."

Hakupaza sauti. Akashika njia, na kifua kikawa chepesi.

"Hamna neno, mke wangu," alisema Mbaruku nyuma yake, akicheka.

"Hamna neno," likaitikia tumbo lake.