Kiti cha Ndugu Wema

Alasiri ya siku ya kumi na mbili ya mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, mbayuwayu alikataa kuanguka.

Mama Siok-lan alikuwa akipangusa vioo vya mashine zake za michezo, katika ukumbi wake mdogo nyuma ya soko la samaki, mjini Tainan. Mashine ya mlangoni haichezwi na mtu mwezi huo. Mwezi ni wa wafu, wanaoitwa ndugu wema, maana hakuna mwenye akili anayewataja vinginevyo. Basi kila mwaka aliwatilia sarafu, akawaachia kiti kitupu, soda na sahani ya biskuti, akachoma udi, akaendelea na shughuli zake. Mchezo wenyewe una kitufe kimoja tu. Ukibonyeza, mbayuwayu wa kwenye kioo anapaa, ukiacha, anashuka, akigusa mwanzi, kwisha. Pasipo mchezaji huanguka kabla ya mwanzi wa pili.

Sasa alikuwa amevuka mwanzi wa tisini.

"Mama, njoo uone!" Bing-jun, mwanawe wa pekee, aliangua kicheko. Ana miaka ishirini na sita, lakini mbele ya mashine hana hata kumi. "Huyu mgeni wako anataka kuvunja rekodi yangu."

"Nyamaza, we! Toka hapo."

"Anacheza kama bibi harusi. Ndugu, hebu sogea nikuonyeshe kazi."

Akakaa. Kwenye kile kiti, udi ukiwa bado unawaka! Ningekuwa mama yake ningemzaba kibao hapo hapo, lakini Siok-lan alichelewa kumfikia.

Kicheko kilikatika. Kidole cha Bing-jun kikaanza kubonyeza, tap, tap, wala hakupepesa macho. Harufu ya matope ya mto ikajaa ukumbini, na maji yakaanza kumtiririka kijana kutoka nyweleni, yakashuka shingoni, yakaloanisha fulana, yakadondoka sakafuni tone baada ya tone, ilhali nje jua lilikuwa kali na feni ilikuwa ikizunguka juu ya kichwa chake, na mama yake amesimama nyuma yake asithubutu kumgusa bega wala kumwita jina, kwa kuwa mwezi huo ukimgusa mtu bega unamzimia taa yake ya uhai, na ukimwita jina, ndugu wema pia wanalisikia.

Alimkimbilia Bibi Liao, jirani anayetibu walioshtuka roho, kwa kuiita irudi mwilini. Bibi alikuja na bakuli la mchele lililofungwa kwa shati la kijana. Alinusa mara moja tu.

"Aliyekufa maji," alinong'ona. "Hawa hawatoki walipo mpaka wapate wa kushika nafasi yao."

"Bibi, sina mwingine. Nakuomba."

"Basi lazima nimwite. Hakuna njia nyingine."

Akazungusha bakuli juu ya kichwa cha kijana. "Bing-jun, rudi nyumbani." Kidole kikazidi kubonyeza. "Bing-jun, rudi nyumbani." Kidole kikasita. Mara ya tatu kijana akavuta pumzi ndefu, akaitika, "Nimerudi," akainuka.

Siok-lan alimkumbatia, akalia kwa sauti bila aibu. Mwili ulikuwa wa baridi, lakini ulikuwa hai.

"Asante sana, bibi," kijana akasema, akainama kwa adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kisha akamgeukia Siok-lan. "Samahani, mama. Bafu liko wapi?"

Bing-jun alizaliwa ghorofa ya juu ya ukumbi huo huo.

Nyuma yao wakasikia tap, tap. Kiti kilikuwa kitupu, kitufe kikishuka na kupanda chenyewe, na mbayuwayu akipita mianzi kwa shida, chini zaidi kila mara.

Bibi Liao akaishika waya ya umeme.

"Usizime!" Siok-lan alimrukia, akamwondoa mkono. "Mwanangu yumo humo!"

Yule kijana alikuwa ameshatoka nje, anaota jua, anajinyoosha mikono kwa raha.

Siok-lan akaketi kitini. Akaweka kidole juu ya kitufe, na chini yake akahisi kidole kingine, kimelowa, kinatetemeka kwa uchovu.

"Mama yupo," akasema, akabonyeza. "Pumzika kidogo, mwanangu. Nacheza mimi."