Onyo Ambalo Ismaily Hakulisoma

Ismaily alikuwa akikwepa mkokoteni wa machungwa katika stendi ya Kibiti, wauza korosho wakimgombea kwa kelele, alipojikuta ana kwa ana na Zuena: baibui jeusi, mtandio wa zambarau, marashi yaleyale. Tangu masika Zuena hakuwa akipokea simu zake.

"Samahani, mtaalamu. Sikujua wakubwa nao hupanda basi."

"Zuena, mpenzi..."

"Mpenzi wako kompyuta. Ndiyo uliyoiamini."

Ismaily ndiye aliyeendesha programu ya kuigiza mafuriko ya mto Rufiji. Zuena alipima kujaa na kupwa kwa bahari huko deltani. Programu ilitabiri kwamba mashamba ya Mtunda yangebaki makavu, kisha maji yakazoa mpunga wote wa wanakijiji. Ismaily akasimama mkutanoni mwao na kutamka kwamba vipimo vya Zuena vilikuwa na kasoro. Zuena akaachishwa kazi. Posa ikafia hapo.

"Jana nilisoma faili la kumbukumbu," Ismaily alisema, "lile ambamo programu huandika kila hatua iliyopitia. Siku ile nilitazama mstari wa mwisho tu: kazi imekamilika. Nikaridhika. Juu kabisa palikuwa na onyo: vipimo vya bahari havikuonekana, imechukuliwa sifuri."

"Nieleze kama unavyomweleza mama yangu."

"Nilikosea kuandika mahali vilipohifadhiwa. Vipimo vyako havikusomwa kabisa; programu ikahesabu kana kwamba bahari haijai. Nikakulaumu kwavyo."

Macho yenye wanja yalilowa. "Mama hapiti tena sokoni, Ismaily. Wanamwita mama wa mleta mafuriko. Nawe unanitubia mimi, stendi, pasipo waliokusikia mkutanoni?"

Ismaily alitoa simu, akampigia mwenyekiti wa mkutano ule, akaweka sauti ya wazi.

"Shikamoo, Mzee Badru. Naomba uwaite tena wote, Ijumaa baada ya swala. Kosa lilikuwa langu, si la Zuena. Onyo lenyewe nitawasomea."

"Marahaba. Watakuzomea, mwanangu."

"Wanizomee."

Simu ilipokatika, Zuena aliuliza polepole, "Na mpunga wao?"

"Huo siwezi kuurudisha."

Zuena alicheka kidogo, kicheko ambacho Ismaily alijua hakukistahili.

"Ukishazomewa, mtume mjomba wako na barua ya posa. Nitaisoma yote, habibi. Si mstari wa mwisho tu."