Kioo cha Baba

"Toka! Umefuta maneno ya marehemu, toka hapa!"

Nikamzaba kofi mdogo wangu Vitalis mbele ya waombolezaji wote, siku ya kuanua tanga la baba yetu. Ndiyo, mimi Restituta. Nitukaneni tu kwenye komenti, nastahili.

Iko hivi...

Baba, Mwalimu Leopold, aliandika wosia wake kwenye kikompyuta cha sola. Hakina picha wala mausi, ni maandishi matupu, na alikitumia kwa kioo cha kizamani, skrini yenye herufi za kijani. Vitalis ndiye aliyemfungia mitambo hiyo, na ndiye aliyemuuguza pale kijijini kwetu Litumbandyosi miaka miwili. Mimi nilikuwa Songea nasomea kompyuta, napiga simu Jumapili.

Siku hiyo nikaja na laptop mpya. Nilitaka ukoo unione, jamani!

"Dada, tumia kioo cha baba," Vitalis akaninong'oneza. "Mashine inakijua kile."

"Unifundishe kazi wewe, wa darasa la saba?"

Nikachomeka waya wa kikompyuta kwenye laptop yangu, nikaingia. Nikaufungua wosia... ukagoma! Ukaja mstari mmoja wa Kiingereza, eti aina ya terminali haijulikani. Basi.

Sikuelewa. Lakini ningekiri vipi, wakati watu wote walikuwa wananiita injinia?

"Umefutwa!" nikatangaza.

Baba mdogo Joakim akasimama. "Vitalis, umefuta ili ubaki na nyumba?"

"Sijagusa, baba mdogo! Dada, nakuomba, weka kile kioo..."

Ndipo nikamzaba. Akaondoka siku hiyo hiyo. Kikompyuta nikakifungia kabatini.

Wiki iliyopita nikapigiwa simu na mwenye nyumba wake kutoka Mbamba Bay.

"Wewe ni dada yake Vitalis? Njoo umchukue. Amefariki kwa homa ya mapafu, hakufikisha siku nne."

Chumbani kwake nilikuta godoro, sufuria, na kioo cha baba kimeviringishwa kwenye kitenge. Mwaka mzima alikitunza!

Tulipomaliza kuzika nikamwita fundi Praygod. Akakiunga kile kioo na kikompyuta. Wosia ukafunguka palepale.

"Kumbe haukufutwa?"

"Hapana, dada. Mfumo huu ni mdogo, umehifadhi aina mbili tatu tu za vioo, ndizo hizo terminali. Laptop yako ilijitambulisha kwa jina ambalo mfumo haulijui, programu ikashindwa kujua ichoreje herufi. Ungeandika tu TERM=vt100, aina ya kioo inachokijua, ukafungua tena."

Mstari mmoja! Nilisomea mambo haya miaka mitatu!

Nikasoma wosia kwa sauti, peke yangu.

"Nyumba ni yenu wote wawili. Restituta, una hasira za karibu. Vitalis amenilisha kwa kijiko hadi leo. Nikiondoka, usimfokee."

Ndugu zangu, ukikwama mbele za watu, sema hujui. Utachekwa siku moja, yataisha. Mimi niliona aibu kusema, na sasa namba ya mdogo wangu naipiga kila asubuhi na haipatikani.