Nusu ya Pumzi

Jioni ile nilikuwa na kazi moja tu: kukaa shimoni na kuangalia matundu.

Ofisi ya wanyamapori ilikuwa imempa mume wangu bunduki na siku mbili amuue nyati aliyejeruhiwa. Nyati yule alikuwa ameshaua watu wawili mashambani, na akisikia harufu ya mtu tu, anatoweka. Ilibidi apigwe kwa mbali, hatua mia tatu au zaidi, kwa risasi moja. Bunduki ilikuwa imetoka kwa fundi siku hiyohiyo, na kabla ya kwenda porini ilikuwa lazima tuipime.

Tulikuwa tunapima hivi. Yeye hulala kifudifudi, mtutu ukiegemea mifuko ya mchanga. Mimi hukaa kwenye shimo alilonichimbia kando ya ubao wa shabaha. Akishapiga, hupiga mbinja. Natoka, naangalia tundu, napandisha kitambaa cheupe kama amepata. Mtoto wetu wa miezi mitano huwa mgongoni kwangu, kwa sababu sina wa kumwachia.

"Bosi amelala?" aliniuliza kabla sijaenda.

"Amelala."

"Akiamka mwambie leo baba yake hakosi."

"Mara ya mwisho ulikosa ubao mzima. Hata mlima ungekukwepa."

Alicheka. "Wakati huo nilikuwa sijafundishwa. Fundi amenipa siri."

"Siri gani?"

"Nenda shimoni, mama. Kuna giza linakuja."

Nikaenda. Nikaketi, nikasubiri.

Mtoto akilala mgongoni, pumzi yake hunigusa shingoni. Joto kidogo, baridi kidogo. Nimeizoea mpaka siisikii tena. Ndiyo maana nilishtuka ilipokatika.

Nikageuza kichwa. Ubao ukapasuka, tap. Kisha mlio ukafika, kwa sababu kwa umbali ule risasi hutangulia na mlio hufuata. Mtoto akavuta hewa kwa kwikwi, kama mtu aliyetolewa majini.

Nilidhani ameota. Mbinja ikalia, nikatoka. Tundu lilikuwa katikati kabisa. Nikapandisha kitambaa.

Risasi ya pili alichelewa kuipiga.

Pumzi ikakatika tena. Nikasubiri irudi... haikurudi. Nikamtikisa kwa mabega yangu. Alikuwa mzito, kama mzigo wa udongo. Kisha nikasikia harufu. Mwanangu hanywi kitu ila maziwa yangu, lakini mdomo wake ulinuka mafuta ya bunduki.

Tap. Mlio. Kwikwi.

Tundu la pili lilikuwa limeingia ndani ya lile la kwanza.

Niliporudi shimoni nilimfungua mgongoni, nikampakata nimwone vizuri. Kulikuwa bado na mwanga. Alikuwa amelala, kifua kinapanda na kushuka. Kikapanda. Kikashuka nusu.

Kikasimama.

Midomo yake ikawa rangi ya majivu. Jicho moja likafunguka, la kulia. La kushoto lilibaki limefumbwa.

Alikuwa analenga.

Mimi si mtu wa kupiga kelele, na hata ningepiga mle shimoni asingesikia. Nilipanda juu, nikasimama mbele ya ubao, mtoto kifuani, mgongo wangu ukiielekea bunduki. Nikafumba macho. Sijui nilisimama muda gani.

Kwikwi.

Mume wangu alikuja mbio, bunduki begani. "Umerukwa na akili? Kidole kilikuwa kwenye triga. Nilikuwa nimeshaanza kubonyeza."

"Fundi alikufundisha nini?"

"Nini?"

"Siri. Niambie."

Alinitazama. "Kupumua tu. Toa nusu ya pumzi, nusu iliyobaki usiishike wewe, iache. Alisema utaisikia imeshikwa. Na kweli, mwili unatulia kama jiwe."

"Imeshikwa na nani?"



Nikamwambia atoe risasi zote, alenge juu, asitazame kwenye darubini ya bunduki, amtazame mwanawe. Alidhani namchezea. Akatoa risasi, akainua bunduki, akatoa nusu ya pumzi.

Hakulenga hata kwa muda wa kuhesabu tano. Aliiangusha bunduki kwenye nyasi. Nilikuwa sijawahi kumwona akiiangusha bunduki.

"Fundi alikuomba kitambaa," alisema kwa sauti ndogo.

Ni kweli, na aliyempa ni mimi. Wake wa wawindaji hutoa vitambaa vilivyochakaa vya kusafishia mtutu, maana havitoi nyuzi. Fundi alikuwa amesimama mlangoni kwangu, akaniomba kilicho laini, "kilichozoea mwili, mama." Nikampa kipande cha shuka la mtoto, na nikaona nimefanya vema.

Asubuhi tulikwenda wote kwake. Hakukana. Alifungua kitako cha bunduki kwa bisibisi, akatoa kile kitambaa kimekunjwa kama barua.

"Pumzi ya mtu mzima hutikisa mkono," alisema. "Ndogo haitikisi. Sasa huyo nyati mtamwua kwa mate?"

Tulikichoma palepale. Mume wangu akairudisha bunduki ofisini, akaeleza kila kitu. Karani aliweka kalamu chini. "Ndugu yangu, niandike nini hapa? Kwamba bunduki inapumua? Andika unaumwa."

Akaandika anaumwa.

Bunduki wakampa mwindaji mwingine. Waliipeleka kwanza kwa fundi yuleyule, hakuna mwingine hapa. Siku ya tatu nyati alianguka kwa risasi moja, hatua mia nne. Watu wakamsifu mwindaji. Mume wangu akaitwa mwoga. Siku hizi anauza mkaa.

Mwindaji huyo ana mtoto mchanga, na bunduki bado anayo. Mara mbili nimefika hadi mlangoni kwa mkewe, nikarudi bila kubisha. Ningeanzia wapi?

Jana jioni alikuja huyo mke mwenyewe, mtoto mgongoni, akasema amekuja kuomba chumvi. Nikampa. Hakuondoka. Alisimama akiikunja na kuikunjua ile karatasi ya chumvi.

"Dada," alinong'ona, "hivi wako naye huwa anasahau kupumua?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Mtoto mgongoni kwake alikuwa akikoroma polepole. Akanyamaza ghafla.

Mama yake alitabasamu kwa aibu. "Kama hivi," alisema.